Miti Miwili Mbele ya Nyumba

Katika vijiji vyetu vya Congo kuna watoto wasioweza kusimama. Wengine walipatwa na homa ya polio, na muguu ukabaki laini kama kamba. Wengine walipatwa na konzo: miguu ikakazana gafula, magoti yakagongana, visigino vikakataa kugusa udongo. Neno konzo limetoka kwa Wayaka wa Kwango, maana yake ni miguu iliyofungwa. Muganga Trolli aliandika habari za ugonjwa huu katika mwaka wa 1938, na baadaye ulionekana vilevile Kivu ya Kusini, katika nchi ya Burhinyi.

Jamaa wengi wanamuficha mutoto kama huyu ndani ya nyumba. Wanasema ni uchawi, wanatafuta mutu wa kushitaki. Hata wanafunzi wa Yesu waliuliza juu ya kipofu, nani aliyekosa, yeye ao wazazi wake. Na Bwana alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Basi tuache kutafuta mwenye kosa, tutafute panga na kamba.

Sababu gani kuharakisha? Mutoto akikaa siku zote na magoti yaliyokunjwa, mishipa ya nyuma ya goti na ya kisigino inakuwa mifupi, mpaka muguu haunyoki tena. Ndipo yule ambaye angaliweza kutembea na fimbo atatambaa mpaka uzee. Mazoezi hayaponyeshi polio wala konzo. Lakini yanatunza nguvu iliyobaki, na mara nyingi nguvu ile inatosha kumufikisha masomoni.

Katika lopitali kubwa kuna vyuma viwili ambavyo mugonjwa anavishika akijifunza kutembea. Bei yake ni kali. Miti ya pori inafanya kazi ile ile.

Namna ya kutengeneza:

1. Kata nguzo 4 ngumu zenye panda juu. Chimba mashimo ya nusu metre, uzisimamishe, ushindilie udongo na mawe.

2. Kata miti miwili iliyonyoka, ao mianzi, yenye urefu wa metre 3. Ichonge, uisugue na muchanga, kusudi isichome mikono.

3. Pima kwa mwili wa mutoto. Mutu amutegemeze akisimama: muti ufike kwenye nyonga yake, na akiushika, kiwiko kikunjwe kidogo. Nafasi katikati ya miti ipite kidogo upana wa nyonga.

4. Laza miti juu ya panda, uifunge na vipande vya mupira wa zamani wa velo. Mutoto akikua, utainua.

5. Baba, jiegemeze wewe kwanza kwa uzito wako wote. Kama inatikisika, shindilia tena.

Kwa mikono zaifu, chonga vipande viwili vya muti vyenye mahali pa kushika. Mutoto akae juu ya mukeka, miguu mbele, avikandamize chini na kuinua matako. Mikono ile ndiyo itakayobeba mwili siku atakapopewa fimbo.

Mazoezi yafanyike asubui na jioni, dakika 10. Kwanza mulaze, goti linyoke. Shika kisigino na kusukuma wayo polepole kuelekea juu, hesabu mpaka 20, achilia. Fanya hivi mara 10. Usivute kwa nguvu, kwa maana mfupa wa muguu uliolemaa unavunjika upesi. Halafu asimame katikati ya miti, ahamishe uzito muguu kwa muguu. Hatua zitakuja nyuma. Akichoka, apumzike.

Angalia sana: mutoto mwenye homa, ambaye nyama za mwili zinamuuma, asifanye mazoezi. Mupeleke kwa muganga upesi. Usiombe sindano isiyo ya lazima, kwa maana sindano wakati wa homa ya polio inaweza kuleta kilema.

Tena, wewe mama, linda wale wanaotembea. Polio ilikuwa ingali katika Congo mwaka wa 2023. Wapeleke wadogo wapokee matone ya chanjo mara zote wanazoitiwa. Konzo inatoka kwa muhogo mukali usiolowekwa vizuri, ukiliwa siku nyingi bila chakula kingine cha nguvu. Wakati wa njaa wengi wanautoa majini kisha usiku mumoja tu, na hapo ndipo hatari. Uloweke usiku 3 ao zaidi mpaka ulainike, uanike juani ukauke kabisa, na ugali uliwe na maharagi, samaki ao karanga.

Kazi hii ya miti miwili inamalizika kwa siku moja. Ndugu, kama jirani yako ana mutoto asiyesimama, umuulize kama amekwisha kupata nguzo. Kama hajapata, chukua panga, mwende pamoja.