Flashi, kuflashi na kubuti: tofauti inayomlazimu mfasiri

Neno flashi lina maana kadhaa katika Kiswahili cha leo. Mfasiri wa mwongozo wa kifaa akizichanganya, mtumiaji anaweza kupoteza data zake zote.

Maana

1. Flashi (nomino): kifaa kidogo cha kuhifadhia mafaili kinachochomekwa kwenye kompyuta. Nchini Kenya hutumika pia diski mweko, kutokana na kitenzi mweka, yaani toa mwanga wa ghafla.

2. Kumbukumbu ya flashi: chipu iliyomo ndani ya simu au ruta, inayotunza data hata umeme ukikatika.

3. Kuflashi (kitenzi): kuandika upya programu ya msingi ya kifaa. Fundi simu wa Ruanda wilayani Mbinga, au wa Mbamba Bay, akisema "Simu hii inataka kuflashiwa", anakusudia maana hii. Nchini Kenya kuflashi ni pia kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea. Tanzania husema kubipu.

Asili

Kumbukumbu hii ilibuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, aliyeiwasilisha mwaka 1984. Husimuliwa kwamba mwenzake aliipa jina hilo kwa sababu ufutaji wa data ulimkumbusha mmweko wa kamera. Kiini cha jina, basi, ni kufuta.

Matumizi

Kumbukumbu ya flashi hufutwa kwa vitalu. Neno kitalu linafaa hapa, na mkulima wa kahawa wa Mbinga analijua: ni kama kitalu cha miche ambacho hakiwezi kupandwa upya mpaka kisafishwe chote. Chipu haiandiki data mpya juu ya data ya zamani kabla ya kitalu kizima kufutwa. Tena, kila kitalu huchakaa kadiri kinavyofutwa. Ndiyo sababu ikabuniwa mifumo ya faili ya pekee, kama JFFS2 na UBIFS, inayosambaza uandishi ili vitalu vichakae kwa usawa. UBIFS iliingizwa katika Linux mwaka 2008.

Kifaa kinapobuti, programu ya kwanza kutoka katika chipu hiyo ni butiloda, yaani programu ya kuwashia. Butiloda isiyoujua mfumo wa faili husoma anwani tupu za chipu. Inayoujua, kama U-Boot, hulitafuta faili kwa jina lake. Katika U-Boot, amri ya ubifsmount huunganisha mfumo wa faili, na ubifsload hupakia faili kwenye RAM. Amri hizi husoma tu. Hazifuti wala haziandiki chochote katika UBIFS.

Linganisha:

Si sahihi: Butiloda huflashi kerneli kutoka UBIFS.
Sahihi: Butiloda husoma kerneli kutoka UBIFS na kuipakia kwenye RAM.

Sentensi ya kwanza humfanya fundi atafute amri ya kufuta mahali palipohitaji kusomwa tu.

Tanbihi

Kitenzi kupakia hutumika pia kwa kutuma faili mtandaoni. Kwa hiyo kitajiwe mahali faili linapokwenda: kupakia kwenye RAM, kupakia mtandaoni. Kuflashi kuachiwe kazi moja tu: kufuta na kuandika upya.