Usahihishaji wa makosa katika setilaiti za redio ya ridhaa

Usahihishaji wa makosa katika setilaiti za redio ya ridhaa ni njia ya kuongeza biti za ziada kwenye data kabla ya kurushwa, ili mpokeaji aweze kurekebisha mwenyewe sehemu zilizoharibika njiani. Setilaiti inayotangaza haiombwi irudie: wasikilizaji ni wengi, na baadhi yao hawana mtambo wa kurushia.

Pakiti za kawaida za AX.25 zina biti 16 za ukaguzi. Hizi hugundua kosa tu, haziwezi kulisahihisha. Biti moja ikigeuka, pakiti nzima hutupwa.

Mfano unaojulikana sana ni ule uliobuniwa na Mmarekani Phil Karn kwa ajili ya AO-40, setilaiti iliyorushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, tarehe 16 Novemba 2000. Setilaiti ikizunguka, antena yake huelekea Dunia kisha huiacha, na mawimbi hufifia mara kwa mara. Katika mpango wa Karn, baiti 256 hugawanywa mafungu mawili. Kila fungu la baiti 128 huongezewa baiti 32 kwa hesabu ya Reed-Solomon, nayo huweza kurekebisha hadi baiti 16 zilizokosewa. Baada ya hapo msimbo wa pili huzidisha biti zote mara mbili.

Hatua ya mwisho ni kuchanganya mpangilio wa biti, na pengine ndiyo yenye akili zaidi. Karatasi ikiraruka, sentensi nzima hupotea. Lakini herufi zake zikiwa zimetawanywa kwanza, kila neno hupoteza herufi moja tu, na "shu_e" bado husomeka. Vivyo hivyo, mawimbi yakikatika kwa sekunde moja, biti 400 za AO-40 hupotea huku na huku, si mahali pamoja.

Gharama yake si ndogo: biti 2048 za habari huwa 5200, na kwa kasi ya AO-40 fremu moja huchukua sekunde 13.

AO-40 ilinyamaza Januari 2004, lakini mpango huo ulitumika tena katika FUNcube-1 (AO-73), iliyorushwa tarehe 21 Novemba 2013 kwa ajili ya elimu mashuleni. Kwa biti 1200 kwa sekunde, fremu hupita kwa sekunde 4.3 hivi, na wanafunzi huipokea kwa antena ndogo. Makosa yakizidi uwezo wa msimbo, programu karibu daima huikataa fremu badala ya kutoa namba za uongo.