Gari la zamani likiegeshwa, breki huumia

KULIEGESHA gari la michezo la zamani kwa muda mrefu hakulindi breki zake, bali huziharibu taratibu.

Chanzo ni mafuta ya breki. Yale ya aina ya DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani. Yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji huweza kuchemka kwa nyuzi 155 tu. Dereva anayekanyaga breki mfululizo mteremkoni anaweza kuyachemsha. Mvuke ukijaa mabombani, pedali huzama na gari halisimami.

Jaguar E-Type, iliyozinduliwa mwaka 1961, huhitaji uangalifu zaidi. Diski zake za nyuma hazipo kwenye magurudumu, bali zimefungwa ubavuni mwa difu, uvunguni. Joto lake huweza kuunguza sili, mafuta ya difu yakavuja na kulowesha pedi.

Kwa hiyo, mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikutembea. Fundi akague pia mipira, kutu ndani ya silinda na pedi za nyuma. Pedi zilizolowa mafuta zisisafishwe, zibadilishwe.