Hesabu za Mabadiliko Zinamhusuje Mseminari?

Sisi tunaosoma falsafa huulizwa: padre wa kesho ana haja gani na kalkulasi ya chuo kikuu?

Aristotle alituachia swali la badiliko: kitu hutokaje hali moja kwenda nyingine? Milinganyo tofautishi hulichukua swali hilo kwa vipimo. Hutuambia kitu kinabadilika kwa kasi gani; kazi yetu ni kutafuta hali yake saa yoyote.

Tazama uji wa nyuzijoto 90 katika chumba cha nyuzi 30. Pengo ni 60, na kadiri pengo lilivyo kubwa, ndivyo uji unavyopoa haraka. Likipungua kwa nusu katika dakika 10, uji una nyuzi 60. Dakika 10 nyingine, 45. Kanuni ni moja, lakini bila kujua uji ulianza na joto gani, hatupati jibu. Sheria ya jumla huhitaji historia ya kitu chenyewe. Tulikumbuke hilo siku tutakapoketi katika kiti cha kitubio.

Mwaka 1748, Maria Gaetana Agnesi wa Milano alichapisha kitabu cha kuwafundisha vijana hesabu hizi. Mwaka 1750 Papa Benedikto XIV alimteua kufundisha Bologna. Baba yake alipofariki mwaka 1752, alijitoa kuwahudumia maskini na wagonjwa hadi kifo chake mwaka 1799. Maisha yake yanawajibu wanaodhani kwamba akili na huruma havikai nyumba moja.