Mkojo Unasema Nini juu ya Ugonjwa wa Lupusi?

Labda wewe unayesoma umekwisha kuambiwa na mganga wa hospitali kwamba una ugonjwa uitwao lupusi. Au ni mke wako, au binti yako, maana katika wagonjwa 10 wa lupusi karibu 9 ni wanawake, na wengi huupata wakiwa bado vijana. Viungo vinauma, nywele zinapunguka, homa inakuja bila malaria, na madoa yanatokea mashavuni. Kwa ngozi yetu madoa hayo si mekundu sikuzote. Mara nyingi ni meusi kuliko ngozi yenyewe. Si ukoma, wala haiambukizi. Hakuna mtu aliyekuroga.

Sasa, mbona kila ukifika hospitali unapewa kichupa na kuambiwa, "Lete mkojo"? Viungo ndivyo vinavyouma! Sikiliza sababu yake.

Damu ya mtu ina askari wake. Vidudu vya ugonjwa vikiingia, mwili hufanya vitu vidogo sana vya kuvishika, navyo huitwa kingamwili. Katika lupusi askari hao wamegeuka, wanawapiga watu wa nyumba yao wenyewe. Mwaka 1957 wataalamu walieleza kwamba kingamwili nyingine za wagonjwa hao hushika DNA, yaani kile kitu ndani ya chembe za mwili kinachobeba urithi wa wazazi.

Figo ni chujio la damu. Kingamwili zilizogeuka hukwama katika chujio hilo, na moto huwaka hapo. Chujio likiharibika, albumini, ambayo ni kitu cha damu kinachofanana na ute mweupe wa yai, hupenya na kutoka pamoja na mkojo. Na ubaya wake ni huu: figo haziumi. Mama anaweza kwenda shambani na kurudi na kuni, na huku figo zake zinakufa. Miguu na uso vikianza kuvimba, ugonjwa umekwisha kufika mbali.

Zamani wauguzi walichemsha mkojo katika kichupa cha kioo na kutia tone la asidi kama ile ya siki. Wingu jeupe likibaki, albumini ipo. Leo huchovya kijiti na kutazama rangi yake. Mgonjwa wa lupusi akipoteza albumini ya nusu gramu au zaidi kwa siku moja, mganga atashuku kwamba ugonjwa umeingia katika figo.

Lakini albumini haisemi yote. Inasema kwamba chujio linavuja. Haisemi kama linavuja kwa sababu ya moto unaowaka leo, au kwa sababu ya kovu la moto wa zamani. Tofauti hiyo ni kubwa. Moto unahitaji dawa kali, zenye hatari zake; kovu haliponywi na dawa hizo. Njia ya hakika mpaka sasa ni kuchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano na kukitazama kwa darubini, na nani apendaye kuchomwa hivyo kila mara?

Ndiyo maana wataalamu wanazitafuta kingamwili zile katika mkojo wenyewe. Kingamwili za damu hutoa habari za mwili mzima, na mara nyingine ni nyingi huku figo zimetulia. Zile za mkojo zimepita katika chujio bovu, na nyingine huenda zimefanywa ndani ya figo penye moto. Zikiongezeka, huenda zikaonyesha kwamba ugonjwa umeamka. Kazi hiyo ingali ya uchunguzi. Kipimo hiki bado hakijachukua mahali pa sindano.

Basi wewe endelea kuleta mkojo, hata siku unapojisikia mzima. Wala usiache dawa kwa sababu viungo vimepoa. Hidroksiklorokini, ndugu ya ile klorokini ya zamani ya malaria, hulinda figo pia. Dawa ya prednisoni usiikate ghafula hata kidogo.

Leta mkojo wa asubuhi. Jioshe kwanza, acha wa kwanza umwagike, kinga wa katikati. Ikiwa uko katika siku zako za mwezi, mwambie mwuguzi, maana damu hiyo itamdanganya. Mwambie vilevile kama umeoga katika maji yenye kichocho.