Gitaa la baba lapata sura mpya kwa pesa kidogo

MATATU ilipofika karibu na Chuka, mvua ilikuwa imeshika kasi na gitaa la marehemu baba lilikuwa juu ya keria, limefungwa ndani ya gunia. Kamba ilikatika kwenye kona. Tulipolifikisha Meru, pembe moja ya chini ilikuwa imemeguka, rangi imebanduka kama ganda la mti, na skrubu mbili za daraja zilikuwa zikicheza kwenye matundu yake.

Mdogo wangu, mwanafunzi wa chuo mjini Meru, alikuwa amekabidhiwa gitaa hilo na mama kule Embu ili alipige kanisani. Vijana wenzake walipoliona walicheka, wakamshauri anunue jingine. Anunue kwa pesa gani? Karo yenyewe ilikuwa haijakamilika. Alilisukuma chini ya kitanda na kwa miezi mitatu hakuligusa.

Huenda hata nawe, msomaji, una gitaa la aina hiyo nyumbani. Usilitupe. Gitaa la umeme si kama lile la kawaida lenye tumbo tupu. Aghalabu kiwiliwili chake ni ubao mzito usio na uwazi mkubwa ndani. Sauti hunaswa na pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi, kisha hupelekwa kwenye kipaza sauti. Kwa hivyo mkwaruzo hauui sauti, wala pembe kumeguka. Mradi shingo imenyooka na pikapu ni nzima, hilo bado ni gitaa.

Rangi ya magari

Wengi hudhani kazi hii ni ya mafundi wa Nairobi au ng'ambo. La hasha! Fender, kampuni ya Marekani iliyotoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954, ilipaka baadhi ya magitaa yake ya miaka hiyo kwa rangi zilizotengenezewa magari. Basi fundi wa jua kali anayepaka milango ya matatu tayari ana ujuzi na vifaa vinavyohitajika.

Tulimwendea mzee mmoja mwenye gereji ndogo upande wa Makutano, mjini Meru. Aliligeuzageuza gitaa, akapitisha kidole kwenye mashimo, kisha akamwambia mdogo wangu: "Kijana wangu, rangi haifichi shimo. Italing'arisha tu lionekane vizuri zaidi. Nenda ukapige msasa kwanza, halafu uniletee."

Hapo ndipo pesa huokolewa. Kazi kubwa ni ya mikono yako, na kompresa ya fundi huhitajika kwa muda mfupi tu. Rangi yenyewe ni kidogo: robo lita ya praima, robo ya rangi na robo ya klia zilitutosha.

Kazi yenyewe

Kwanza, legeza nyuzi na uzitoe. Ikiwa shingo imeshikwa kwa skrubu, ifungue. Ikiwa imegundishwa, iache ilivyo, uizibe kwa karatasi na utepe. Kabla ya kugusa nyaya, chora mpangilio wake au upige picha kwa simu. Kuna waya mmoja unaoingia chini ya daraja. Usiupoteze, maana ndio unaopunguza mvumo nyuzi zinapoguswa. Weka skrubu za kila sehemu katika bahasha yake.

Pili, tengeneza mbao. Ufa hutiwa gundi ya mbao na kubanwa usiku kucha. Tundu la skrubu lililolegea hujazwa njiti za kiberiti zilizochovywa gundi. Ikikauka, zikate na utoboe upya. Pembe iliyomeguka sana hutiwa kipande cha mbao. Sisi tuliomba kipande cha mukau kwa seremala mmoja wa Mbeere, ambako mti huo hustawi licha ya ukame. Mashimo madogo hujazwa filla ile ile ya magari.

Tatu, piga msasa. Si lazima ukwangue rangi yote mpaka mbao. Ile iliyoshika imara huweza kuwa msingi, na hivyo utaokoa siku mbili za jasho. Anza na namba 120 penye mabaka, kisha 240, umalizie na 400. Zungushia msasa kipande cha mbao bapa, kwani vidole pekee huacha mawimbi. Fanyia kazi hii nje na uzibe pua kwa barakoa, maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Watoto wasikae karibu na vumbi hilo.

Nne, ziba kwa utepe nafasi ya shingo na matundu ya pikapu. Rangi ikijaa pale shingo inapokaa, haitaingia tena sawasawa. Kisha praima, halafu rangi, halafu klia, kila moja kwa tabaka nyembamba kadhaa. Tabaka nene hutiririka.

Hapa tulikosea. Ilikuwa Novemba, na kwa haraka ya vijana tulimsihi mzee apulize klia asubuhi yenye manyunyu. Kufikia adhuhuri gitaa lilikuwa na ukungu mweupe kama maziwa. Unyevu ulikuwa umenaswa ndani. Tulingoja likauke, tukasugua na kurudia siku ya jua. Miji hii iliyo miguuni mwa Mlima Kenya ina mvua na ukungu mwingi, kwa hivyo chagua siku yako. Kumbuka pia kwamba thina hushika moto upesi, na klia inayochanganywa na dawa ya kukausha ina sumu kwa mapafu. Mwachie fundi mwenye barakoa ya kufaa, wala usiipulize chumbani.

Alama ya mkono

Mdogo wangu alitaka gitaa liwe jeusi tititi. Mama, aliyekuwa amekuja kututembelea, alilishika akaonyesha ukingo wa juu, mahali ambapo mkono wa baba ulikuwa umekula rangi hadi mbao kwa miaka mingi ya kupiga kwenye harusi. "Mwanangu," alisema, "hapa alipoegemeza mkono, unapafuta wewe?"

Kijana alinyamaza. Siku ya kupaka alipaziba mahali hapo kwa utepe, na rangi ilipokauka akautoa, akaomba papulizwe klia tu.

Tuliliacha wiki mbili likauke kabisa. Kisha tukalisugua kwa msasa wa maji namba 1000 na 2000, tukalipiga dawa ya kung'arisha magari kwa kitambaa cha pamba, tukarudisha kila kitu mahali pake na kutia nyuzi mpya. Nyuzi hazifai kubaniwa, kwani zilizoshika kutu huharibu kazi yote.

Jumapili ya kwanza kanisani, wale waliocheka waliuliza limenunuliwa wapi. Mama alikuwa ameketi kiti cha mbele. Hakuuliza kitu. Macho yake yalikuwa kwenye kile kipande kidogo kisicho na rangi, na mkono wa mwanawe uliolala juu yake.