Lori Likisimama Tunduma

Ukifika Tunduma usiku utaona taa za malori mengi. Madereva wengine wanakula ugali. Wengine wamelala ndani ya malori yao. Mama lishe anaosha sahani, na kijana anapita akiuza maji. Ng'ambo ni Nakonde, nchini Zambia. Miji hii miwili imegusana.

Mpaka huu waliupanga Wajerumani na Waingereza mwaka 1890. Wanyamwanga hawakuulizwa. Wakajikuta wako pande zote mbili.

Je, malori haya yalianzaje kuja? Zambia inachimba shaba, lakini haina bahari. Zamani mizigo yake mingi ilipita kusini, katika nchi ya Rhodesia. Siku hizi nchi hiyo inaitwa Zimbabwe. Novemba 1965 walowezi wa huko, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru. Walitaka wazungu wachache waendelee kuwatawala Waafrika wengi. Njia ya kusini ikawa ya mashaka. Zambia ikatazama Dar es Salaam.

Mafuta yakaletwa kwa mapipa, juu ya malori. Barabara ilikuwa ya udongo. Mvua iliponyesha, malori yaliteleza na kupinduka. Madereva waliiita Njia ya Jehanamu.

Mwaka 1968 bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam lilifika Ndola. Baadaye barabara ikawekwa lami. Wachina nao wakasaidia kujenga reli ya TAZARA. Kazi ilianza 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Ina urefu wa kilometa 1,860, na inapita hapa hapa Tunduma.

Mtu angedhani bomba na reli vitayamaliza malori. Wapi! Malori yapo mpaka leo, na mengine yanakwenda mpaka Kongo. Kila lori lifikapo mpakani lazima lisimame. Mzigo ukaguliwe, karatasi zigongwe mihuri. Zamani lilikaguliwa Tunduma, likavuka, likakaguliwa tena Nakonde. Dereva anayesubiri hula, huoga na hulala. Basi mwenye sufuria na kuni alipata biashara. Mwenye chumba cha ziada alipata mpangaji.

Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walifungua kituo cha pamoja cha mpakani. Maofisa wa nchi mbili sasa hukaa chini ya paa moja. Mzigo husimama mara moja tu. Mwenye mzigo anafurahi, kwa sababu lori linalolala njiani ni hasara yake.

Na mama lishe je? Dereva akipita haraka, hali. Mwezi Mei 2020 Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache kwa ajili ya korona, malori hayakuweza kuvuka. Siku nyingine foleni hurudi. Dereva hulalamika. Mama lishe huongeza maji ya ugali jikoni.